Kijiti cha Mtarumbeta

Wiki tatu baada ya kumzika mama yao, dada mtu alikuja na pikapu kuchukua ukumbusho.

"Kidogo tu, mdogo wangu," alisema, naye tayari ameshavua miwani ya jua na anazungusha macho chumbani. "Kitu cha kunifanya nimkumbuke mama."

Ukumbusho huo kidogo ulijaza pikapu mpaka dereva akaomba kamba. Liliingia kabati la vioo, kikaingia kitanda cha mbao nzito, ikaingia meza ya duara na viti vyake vinne, hata saa ya ukutani iliyokuwa imesimama miaka mingi bila mtu kujisumbua kuitia betri. Mdogo mtu alisimama mlangoni, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni, akiangalia. Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani, na hata dada yake alipotaka kumfurahisha alimwita hivyo hivyo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kabati lilipotoka alinyamaza. Kilipotoka kitanda, ambacho juu yake alimgeuza mama yao asubuhi na jioni kwa miaka minne, alinyamaza pia. Lakini dereva alipoinama kulikumbatia lile pipa lililokatwa nusu, lililopandwa mti wa maua, pale chini ya dirisha, Fundi alijikuta amepiga hatua mbele.

"Dada, huo mti..."

"Huo mti umefanyaje?"

Jibu alikuwa nalo. Lilipanda hadi kooni, likakwama hapo kama uzi uliofungana fundo kwenye tundu la sindano.

"Matawi yake hukatika upesi," alisema. "Dereva aende polepole."

Pikapu ikaondoka, na mtarumbeta ukaondoka nayo, ukitikisa majani yake mapana kila gurudumu lilipoangukia shimo.

Mama yao ndiye aliyeuita mtarumbeta. Wengine huyaita maua yake tarumbeta za malaika, maana yananing'inia kichwa chini, marefu kuliko kiganja cha mtu mzima, mdomo umepanuka. Siku ya kwanza ni meupe, siku ya pili yameshaingia rangi ya papai linaloanza kuiva, na jua likishuka hutoa harufu nzito inayoingia mpaka ndani ya nguo zilizokunjwa. Mama alipokuwa hawezi tena kuinuka, na macho yameshaingia ukungu, harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwambia kwamba siku imeisha. "Yamefunguka," angesema kutoka kitandani. "Zima cherehani, uje ukae." Fundi angezima, angekuja, angekaa. Mara nyingi hawakuongea chochote.

Kabati lilinunuliwa. Kitanda kilinunuliwa. Mtarumbeta ndio kitu pekee katika nyumba ile ambacho mama alikitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, kutoka kijiti kisichozidi penseli, ukiwaacha hao mabinti wawili.

"Na wewe ukakaa kimya?" aliuliza jirani yake, mwanamke muuza mitumba ambaye watu walimpa jina la Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Ukasimama hapo kama yule mdoli wako wa kuvalisha magauni?"

"Ni dada yangu mkubwa."

"Mkubwa wa tumbo! Miaka minne alikuja mara ngapi? Mara sita. Mimi nilihesabu, wewe ulikuwa unafua mashuka."

Fundi alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona.

Miezi miwili ikapita, joto likaingia. Joto la mwaka ule lilikuwa halina adabu. Saa nne asubuhi tayari mabati yanalia. Ndipo dada alipopiga simu.

"Mti wa mama unakufa," alisema bila salamu. "Na shemeji yako amepandishwa cheo. Bosi wake na mkewe wanakuja kula kwetu baada ya miezi mitatu, na huyo mke ni mtu wa maua, kila mtu anajua. Nimeshamwambia ninao mtarumbeta. Nitaficha wapi uso wangu?"

Fundi alifunga duka, akaenda. Ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nyumba ya dada yake ilikuwa nyeupe, na ua wake wote umetandazwa vigae, hata mahali pa kutema mate hakuna. Pipa lilikuwa limewekwa katikati ya vigae hivyo, mbele ya ukuta unaotazama jua la alasiri, na ukuta ulikuwa unarudisha moto kama bati la kukaangia. Majani yaliyobaki yalikuwa yamejikunja pembeni, ya kahawia, kama karatasi iliyookolewa kwenye jiko. Udongo ulikuwa umelowa chapachapa na unanuka uvundo.

"Nani anaumwagilia?"

Mlinzi wa getini alijitokeza, mzee mwenye sauti ya upole. "Mimi, Fundi. Saa saba mchana namkuta ameinamisha kichwa kama mfiwa. Namhurumia, nampa ndoo. Ameinama tena saa nane, nampa nyingine."

"Ndizo zinazomuua, mzee wangu."

"Maji?"

"Saa saba hulegea hata ukiwa umesimama kisimani. Majani ni makubwa, yanatoa maji haraka kuliko mizizi inavyovuta. Usimguse. Jua likishuka, ukiona ameinuka mwenyewe, hakuwa na kiu, alikuwa anajisitiri tu. Asipoinuka, ndipo umpe. Mizizi ikikaa kwenye tope la moto inaoza."

Mlinzi alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Alikuwa ameua kwa huruma, na hakuna kosa gumu kulisamehe mwenyewe kama hilo.

Fundi alipindua pipa, akatoa mti, akakata mizizi iliyogeuka myeusi na laini kama ndizi iliyopitiliza. Akakata matawi yaliyokufa, moja baada ya jingine, mpaka akaogopa kisu chake mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa shina, na juu yake ile panda, yaani pale shina linapogawanyika kwa mara ya kwanza, na kutoka pandani mikono miwili: mmoja mnene, mmoja mwembamba. Basi.

Dada alikuwa amesimama kivulini, mikono kiunoni. "Utapona?"

"Ukipata matunzo, utapona." Fundi alifuta kisu kwa kitambaa. Alikuwa amelipanga neno hili njia nzima, akilirudiarudia kama mtoto aliyetumwa dukani. "Dada, ukipona, naomba kijiti kimoja. Cha juu ya panda."

"Kwa nini cha juu? Si hapo chini kuna vichipukizi?"

"Vya chini humea, lakini hukaa miaka miwili, mitatu, kwanza virefuke, vitengeneze panda yao, ndipo vichanue. Mtarumbeta hauchanui chini ya panda. Cha juu kimeshapita hapo. Ukikipanda, mwaka huohuo kinatoa ua. Ua lilelile la mama."

Dada alitazama ile mikono miwili. "Mti wenyewe umebaki hivi, halafu unataka uniondolee mkono mmoja?"

"Si leo. Na ni kweli, nikikata sasa hautawahi kuchanua kwa ajili ya wageni."

"Basi baada ya wageni. Wakishaondoka, kata unachotaka. Lakini kabla ya hapo sitaki kuona kisu karibu na mti huu."

"Baada ya wageni," alisema Fundi, kama mtu anayetia sahihi.

"Umesikia."

"Na dada, ukiushika, nawa mikono kwa sabuni. Usijifute macho. Kila kitu chake ni sumu, jani, ua, mbegu. Mama alitukataza, unakumbuka?"

"Mama alikataza mengi," alisema dada, akaingia ndani kwenye kiyoyozi.

Kuanzia siku hiyo Fundi alikuwa na kazi mbili. Alfajiri alikwenda kwa dada yake kabla ya kufungua duka. Waliuhamisha mti, yeye na mlinzi, hadi upande wa mashariki wa tangi la maji, mahali panapopata jua la asubuhi tu, na pipa wakalinyanyua juu ya matofali lisiguse vigae. Udongo mpya aliubeba mwenyewe kwenye mifuko, mara tano. Juu ya udongo akatandaza nyasi kavu, unene wa vidole vinne, ili jua lisiuone. Kila wiki aliloweka samadi kwenye ndoo, akaichuja, akaizimua mpaka ikawa rangi ya chai nyepesi, kwa sababu mtarumbeta ni mlafi, haushibi, lakini ukiupa kikali unaunguza mizizi. Kwenye cherehani yake alishona kivuli kutoka vipande vya pazia la wavu, akakipinda pindo mara mbili, akatia vitanzi vya kamba kwenye kona zote nne. Mlinzi alipokifunga alikitazama kwa muda mrefu.

"Hata mimi kibanda changu hakina pazia zuri hivi," alisema.

"Ukichanua, nitakushonea."

"Mimi nichanue?"

"Mti, mzee wangu."

Walicheka, na kicheko hicho kilikuwa chote alichokipata katika nyumba ile kwa msimu mzima, maana dada alikuwa bado amelala saa hizo.

Wiki ya tano wakaja utitiri, wadudu wekundu wadogo kuliko nukta, wanaopenda joto kavu na kufuma utando chini ya majani. Fundi alipindua kila jani, akaliosha kwa maji ya sabuni, kila asubuhi kwa siku kumi. Wiki ya saba upepo wa moto ulivuma siku tatu mfululizo, na akafunga duka mchana ili akae na mti, akiuloweshea hewa ya pembeni. Siku ya pili ya upepo huo mwalimu mmoja, mteja wake wa miaka, alikuta duka limefungwa, akapeleka kitambaa chake kwa fundi mwingine. Hakurudi tena.

"Sikiliza," alisema Redio, akiwa amekaa juu ya furushi lake la mitumba. "Unakwenda kule kila siku. Kisu unacho. Kata kijiti, tia kwenye mkoba, funika na kanga. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Haya, wewe! Umewahi kujiuliza kwa nini watu wanakupanda kichwani? Ni kwa sababu umekilainisha, hata mto wa sufi haukifikii!"

Fundi alicheka, lakini neno lilimwingia. Kesho yake, alipokuwa anakata jani moja la njano, alijikuta ameushika ule mkono mwembamba. Mlinzi alikuwa ameenda kununua mkate. Mapazia ya dada yalikuwa yamefungwa. Urefu wa kiganja ungetosha. Ungetoka kwa mkato mmoja wa pembeni, na kisu kilikuwa kimenolewa. Alihisi utomvu unapita chini ya kidole gumba chake, au alidhani anauhisi. Mkono ule ungechelewa wiki sita, maua yangepungua nusu, na dada angepata nusu ya sifa. Hayo tu. Alisimama hivyo mpaka aliposikia mlinzi anakohoa njiani, akakikunja kisu.

Baadaye, kwa muda mrefu sana, alipokuwa akiikumbuka asubuhi ile, hakuweza kukumbuka ni wema gani hasa aliodhani anaufanya.

Machipukizi ya maua yalitokea wiki ya kumi, ya kijani, yamechongoka kama vidole vya mtoto. Kumi na tisa. Yakarefuka, yakainama, yakaanza kufunguka siku nne kabla ya wageni. Dada alishuka na gauni la kulalia, akazunguka mti mara mbili, akapiga picha.

"Mama angefurahi," alisema, na macho yake yakalengwa na machozi, na Fundi akaona kwamba machozi yale hayakuwa ya uongo. Hilo ndilo lililomfanya aendelee kumwamini.

Siku ya wageni aliitwa mapema kusaidia jikoni. Alipopita uani alikuta pipa halipo. Lilikuwa limeburutwa hadi mbele, kando ya ngazi za baraza, na pazia la wavu limetupwa nyuma ya tangi.

"Siku moja haiui," alisema dada.

"Basi tulizungushie kamba. Maua yanadondoka, mtu anaweza kuyaokota."

"Kamba? Unataka mke wa bosi adhani tunajenga? Wageni ni watu wazima, Fundi. Nenda kaangalie nyama."

Wageni ni watu wazima, ila mke wa bosi alikuja na mjukuu, msichana wa miaka minne mwenye viatu vyekundu. Fundi hakumwona. Alikuwa mbele ya jiko, kisha mbele ya karai la vyombo, na sauti za baraza zilimfikia kupitia dirisha dogo la jikoni.

"Jamani, katika joto hili!" ilikuwa sauti ya mgeni. "Mimi nimepanda mara tatu, yote imekufa. Siri yako nini?"

"Aa, ni kujitolea tu," alijibu dada. "Naamka alfajiri. Mikono yangu hii unayoiona. Na maji kwa wingi, hasa mchana, jua likiwa kali."

Mikono ya Fundi ilisimama ndani ya povu. Alitamani kutoka nje, si kudai sifa, bali kumwambia yule mama asimwage maji mchana, atauua na wa nne. Alisuuza sahani, akaiweka pembeni, akachukua nyingine.

Chakula kikaliwa, kahawa ikanywewa, jua likaanza kushuka na ile harufu ikaingia mpaka jikoni. Ndipo kikasikika kishindo cha kiti, na sauti ya mke wa bosi.

"Hebu nitazame. Nitazame bibi! Mbona jicho lako hivi?"

Fundi alifika mlangoni na aproni yake, maji yanamchuruzika viwikoni. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya watu wazima, haumwi popote, anashangaa tu. Mboni ya jicho lake la kulia ilikuwa imepanuka na kufunika rangi yote. La kushoto lilikuwa kama kawaida. Kwenye vidole vitatu vya mkono wake alikuwa amevaa maua yaliyodondoka, kama glavu.

"Amejipangusa jicho," alisema Fundi, na safari hii sauti ilimtoka yenyewe. "Mvueni hayo maua. Mnaweni mikono na uso kwa sabuni, msimsugue jicho. Amekula? Mtoto, umetia mdomoni? Haya, mpelekeni hospitali, na ua moja mlitie kwenye mfuko mwende nalo, daktari alione."

Mke wa bosi alimtazama kuanzia aproni hadi kandambili. "Kumbe wewe unaujua. Ni sumu?"

"Ni sumu."

"Na ukauacha hapa, penye watu?"

Fundi alimgeukia dada yake. Dada alikuwa anaangalia kitambaa cha meza, ambacho pia Fundi ndiye aliyekishona. Kisha dada aliinua uso.

"Ni mti wake," alisema. "Mdogo wangu huyu. Yeye ndiye aliyeung'ang'ania, yeye ndiye anayekuja kuutunza kila siku, mlinzi ni shahidi. Mimi ningejuaje mambo ya sumu? Mti ni wake."

Hakuna aliyekumbuka ile mikono iliyoamka alfajiri. Wote walimtazama Fundi, wakisubiri. Neno lilikuwepo; lilikuwa fupi, "nilimwambia", hata mtoto wa viatu vyekundu angeweza kulisema. Lakini shemeji yake alikuwa amesimama pale, jasho limemtoka usoni kote, akimwangalia bosi wake kama mtu anayesubiri hukumu, na Fundi akafyata ulimi. Magari yakaondoka kwa vumbi kwenda hospitali.

Mtoto hakupata madhara. Daktari alisema mboni itarudi yenyewe baada ya siku mbili, na ikarudi.

Asubuhi iliyofuata Fundi aliamka na jambo moja kichwani. Dada ametamka mbele ya watu wanane kwamba mti ni wake. Wageni wameshaondoka. Njia nzima alitembea haraka, kisu na kitambaa chenye maji vikiwa mkobani, kitambaa cha kuvishia kijiti kisinyauke. Hata aliona aibu kwamba alikuwa na furaha.

Moshi aliuona kabla ya kufika getini.

Mlinzi alikuwa kwenye kona ya ua na panga mkononi. Mbele yake moto wa mafuta ya taa ulikuwa umeshakula kila kitu. Majani mabichi yalikuwa yanalia ndani yake. Pipani kilibaki kisiki, urefu wa vidole viwili kutoka kwenye udongo.

"Nimeamriwa, Fundi," alisema mzee. "Shemeji yako aliniamsha alfajiri. Alisimama hapahapa mpaka nilipowasha."

"Hakuna hata kijiti?"

"Aliokota mwenyewe vilivyodondoka. Akavitupa humo."

Dada alitokea kwenye baraza, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. "Huulizi hata hali ya mtoto?"

"Nilipiga simu hospitali jana, dada. Ni mzima." Fundi alishika ukingo wa pipa. "Ulisema ni wangu."

"Nilisema nini?"

"Jana. Mbele ya watu. Ulisema mti ni wangu."

"Ee Mungu wangu! Yalikuwa maneno tu. Ulitaka nimwambie nini mke wa bosi?"

"Kama ni wangu ungenisubiri. Uliniahidi kijiti. Wageni wakishaondoka, ulisema."

"Kijiti!" Sauti ya dada ilipanda. "Mume wangu hajui kama wiki ijayo ana kazi, mjukuu wa bosi nusura apofuke nyumbani kwangu, wewe unaniletea habari za kijiti! Yako mengi kwenye vitalu, nenda kachague, hata wa njano. Nitakununulia mimi."

"Sitaki wa njano."

Lilikuwa ndilo neno kali kuliko yote aliyowahi kumwambia dada yake, na dada hata hakulisikia, kwa sababu simu ilikuwa inalia ndani.

Shemeji hakupoteza kazi. Bosi alilichukulia jambo lile kama ajali, na mkewe, inasemekana, alikuwa anawasimulia watu kwa kicheko. Fundi alizipata habari hizo kwa Redio, ambaye alizipata anakokujua mwenyewe. Hakwenda tena kule. Alishona sare za shule, maana muhula ulikuwa unakaribia, na alipoulizwa hali alisema nzuri.

Wiki ya saba baada ya moto ule simu ikaita.

"Lile dude lako limechipua," alisema dada. "Tulimwagia hadi maji ya moto, wapi. Mlinzi anasema yeye hagusi tena. Njoo uling'oe na mizizi yake, wewe ndiye unayelijua."

Alikwenda na jembe dogo na gunia. Kutoka kwenye ubavu wa kisiki, chini kabisa, vilikuwa vimetoka vichipukizi vinne vya kijani kibichi, vinene, vinashangaa jua. Vyote vya chini. Vyote vya kusubiri miaka mitatu, kama havitakufa kwanza. Alichimba polepole kuzunguka kisiki, akakinyanyua na bonge lake lote la udongo, akaliteremsha ndani ya gunia kwa mikono miwili, kama anavyolazwa mtu mgonjwa. Mlinzi alimwona anavyokishika kile kisiki. Aligeuza uso, akaenda kufungua geti ambalo hakuna aliyekuwa ameligonga.

Dada alikuwa amesimama kivulini na glasi ya juisi. Alikuwa ameleta glasi mbili.

"Utalichoma?" aliuliza.

"Nitalichoma."

Ulikuwa uongo wa kwanza aliowahi kumwambia, na ulitoka mwepesi, haukukwama popote kooni.

"Maana sitaki kusikia liko mahali. Shemeji yako ataniua." Dada alimsogezea glasi. "Na mbona siku hizi huji? Usiniambie umeninunia kwa ajili ya mti."

"Sijanuna, dada. Kazi ni nyingi."

"Mama hayupo, tumebaki wawili tu, Fundi."

"Ndiyo, dada."

Alitazama ile juisi, akasema hana kiu, akainua gunia begani na kutoka. Udongo ulimwagika kidogo kidogo mgongoni, ukaingia kwenye kola. Njiani alipiga hesabu: ataliweka palepale chini ya dirisha, jua la asubuhi tu, na akibahatika, baada ya miaka mitatu litatoa ua. Kwa miaka hiyo yote dada yake asilione. Itabidi asikaribishwe nyumbani, awe anapewa sababu, leo homa, kesho wateja, keshokutwa safari. Fundi aligeuza gunia kwenye bega la pili, akaendelea kutembea. Aliona kwamba jambo hilo halitamsumbua hata kidogo.